Mwezi Ukiandama Bweranyange

Simu yangu inasema zimebaki siku 41. Niliiwekea programu ya kuhesabu siku mwezi Mei, siku msimamizi wangu aliponitajia tarehe ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, na tangu hapo kila nikiamka namba inakuwa imepungua moja. Nimekuja nyumbani Bweranyange kuandika, kwa sababu mjini nilikuwa nalipia chumba ambacho kazi yangu kubwa humo ilikuwa kuiangalia namba hiyo.

Bibi aliposikia habari zake alitaka kuiona. Aliishika simu mbali na uso, kama anavyoshika risiti ya kahawa, akauliza, "Ikifika sifuri kitatokea nini?"

"Nitakuwa nimemaliza, Bibi. Au nitakuwa nimeshindwa."

"Kisha inaanza tena?"

"Haianzi tena."

Akanirudishia. "Mjukuu wangu, hicho si kitu cha kutazama asubuhi," alisema. Kisha akarudia swali lake la siku zote: mwezi ukiandama, nitakuwa bado nipo? Anataka mtu wa kumsaidia kupanda maharage mvua zikianza.

Swali lake liko karibu na tasnifu yangu kuliko anavyodhani. Ninaandika juu ya namna watawala wa Karagwe walivyoutumia muda, na sura ya kwanza inaanzia juu ya kilima hiki hiki tunachokitazama tukiwa uani. Leo Bweranyange ni kata yenye migomba, kahawa, shule, zahanati, na bodaboda za kwenda Kayanga. Zamani palikuwa makao makuu ya ufalme wa Abahinda. Omukama Rumanyika aliishi hapa katika karne ya 19, na tarehe 25 Novemba 1861 alipokea wageni wawili Waingereza waliokuwa wakikitafuta chanzo cha mto Nile: John Hanning Speke na James Augustus Grant. Walifika katika msimu ambao huku kwetu tunasubiri senene. Walipiga kambi karibu na ziwa dogo lililo chini ya ikulu, na Speke akalipa jina la Little Windermere, kana kwamba lilikuwa halina jina.

Speke alichapisha kitabu chake mwaka 1863, na humo kuna kurasa chache nilizozisoma mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika kozi yangu. Anaeleza sherehe ya mwezi kuandama. Alipoingia ua wa kwanza aliona pembe ya mnyama iliyojazwa dawa, imechomekwa ardhini, mdomo wake umeelekezwa upande aliko Rogero, ndugu wa Rumanyika aliyekuwa anaugombea ufalme. Katika ua wa pili zilipangwa ngoma 35, kila ngoma na mpigaji wake. Katika ua wa tatu alimkuta Omukama ameketi mlangoni mwa nyumba yake kubwa, nusu amefichwa na kizingiti, kichwani amevaa taji la shanga lenye manyoya mekundu. Ngoma zote 35 zikapigwa kwa pamoja.

Speke anasema sherehe ile ilifanywa kila mwezi ili Omukama ajue ni raia wangapi bado ni watiifu kwake. Speke ni shahidi ninayemsoma kwa tahadhari. Alikuwa na macho makali, lakini hakuijua lugha ya hapa. Alitegemea wakalimani waliosema Kiswahili, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, na mengi aliyoyasikia yalikuwa yamepita kwa mkalimani kabla ya kumfikia. Hata hivyo maelezo yake yana mantiki. Rumanyika aliupata ufalme kwa kushindana na ndugu zake baada ya kifo cha baba yao, Ndagara. Mwenyewe alimsimulia Speke kwamba iliwekwa ngoma ndogo mbele ya ndugu watatu, nyepesi kwa sura lakini nzito kwa dawa, na yeye peke yake ndiye aliyeiinua, tena kwa kidole kidogo. Mtu aliyepata kiti namna hiyo ana sababu ya kutaka kujua, kila baada ya siku 29 au 30, nani amekuja na nani hakuja.

Kwa hiyo mwezi ulipoandama Bweranyange, watu walihesabiwa. Ila kilichotangulia ile hesabu kilikuwa juu, mbele ya macho ya kila mmoja. Mchungaji aliyekuwa malishoni, mfua chuma kwenye tanuru lake, hata Rogero huko alikokuwa, wote waliuona mwezi ule ule. Hakuna karani aliyewatangazia. Na aliyekosa kwa sababu ya ugonjwa au ng'ombe waliopotea, mwezi mwingine ulikuwa njiani. Huenda alitiliwa shaka, huenda alilipa, lakini siku yenyewe ilikuwa inarudi.

Kiswahili kinatumia neno moja, mwezi, kwa kilicho angani na kwa kile kilicho kwenye kalenda ukutani. Nilikuwa nimelisema neno hilo miaka zaidi ya ishirini bila kulisikia, hadi nilipolikuta kwenye hoja ya tasnifu yangu mwenyewe.

Sura ya pili ni ya Grant, na nakiri nimempenda kuliko inavyompasa mwanafunzi wa historia. Speke alikaa Karagwe siku 46, kisha tarehe 10 Januari 1862 akaondoka kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Grant hakuweza kwenda. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba juu ya goti, una usaha, na hawezi kuukunja. Akabaki na watu wachache, akisubiri mguu upone au mwenzake atume watu wa kumchukua. Alisubiri zaidi ya siku 90.

Watu wa hapa walimtibu. Walimfunga dawa ya kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, ikakauka mguuni ikawa ngumu kama ngozi. Alikausha mimea, alichora picha, aliandika anachokiona kutoka mlangoni: ng'ombe wakipita, watu wakipita. Katikati ya Aprili walikuja watu kutoka Buganda wakambeba kwenye machela. Aliporudi Uingereza aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1864, akakiita matembezi ya kukatiza Afrika, na mimi huwa nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba sehemu moja nzuri ya matembezi yale ni ile aliyokuwa hawezi kutembea.

Kilichonivuta kwa Grant ni aina ya hesabu yake. Alijua zimepita siku ngapi. Hakujua zimebaki ngapi. Hesabu yake ilikuwa inapanda: siku ya kumi, ya arobaini, ya sabini. Ili hesabu ishuke, lazima kuwe na mtu mahali fulani mwenye uwezo wa kusema siku fulani ndiyo mwisho, na wewe ulikubali neno lake. Grant alikuwa na saa na kalenda, lakini hakuwa na mtu huyo. Mwenye kauli ya mwisho alikuwa mguu.

Nilimwandikia msimamizi aya hiyo. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Vizuri. Sasa onyesha ni lini Karagwe ilianza kuhesabu kwa kushuka." Nilijua mara moja jibu nitakaloliandika. Nilijua pia kwa nini nilikuwa nimelikwepa.

Nitaanza na lile lililo wazi kwenye kumbukumbu za umma. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Kambi nyingine zikafunguliwa huku Karagwe. Miaka miwili na nusu baadaye, mwanzoni mwa Desemba 1996, Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitoa tamko la pamoja: wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kuwa wamerudi kwao kufikia tarehe 31 Desemba. Zilikuwa zimebaki wiki nne zisizotimia. Wengi hawakungoja tarehe. Katikati ya Desemba makundi makubwa yaliondoka kambini kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, wakiikimbia Rwanda. Jeshi likawageuza. Hadi mwaka unakwisha karibu watu nusu milioni walikuwa wamevuka kurudi, wengi kwa miguu, kwenye mvua. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Niliyasoma kwenye ripoti, na ripoti zinasomeka bila kukuuliza ulikuwa wapi.

Tarehe ya pili ninaijua bila ripoti. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani mkoani Kagera alitangaza kwamba wanaoishi nchini bila vibali waondoke wenyewe ndani ya wiki mbili. Siku ya mwisho ikatajwa kuwa 11 Agosti. Tarehe 6 Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondoka, wengi katika wiki zile mbili za kwanza. Wamo waliokuwa wameingia mwaka uliopita, na wamo ambao babu zao walifika na ng'ombe baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, wakazaa, wakazika, wakapanda migomba.

Kwa mtu wa wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, swali la nani ametoka upande gani wa mto Kagera ni la zamani kuliko mpaka wenyewe. Masimulizi ya Rwanda yanasema mfalme wao Ruganzu Ndori alifichwa Karagwe akiwa mtoto, kwa shangazi yake aliyekuwa ameolewa na Omukama Karemera, na akalelewa huku mpaka siku ya kurudi kuchukua kiti. Yaani mmoja wa wafalme wakubwa wa Rwanda alikula ndizi zetu kwanza. Hakuna anayesema alipewa siku ngapi za kukaa.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 14, kidato cha pili. Nilikaa dawati moja na mvulana ambaye jina lake sitaliandika. Alikuwa hodari wa hisabati. Mimi nilikuwa hodari wa kuazima madaftari. Wiki ya mwisho ya Julai nilikuwa nimelichukua daftari lake la hisabati ninakili mazoezi, kwa sababu mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele yetu na mimi nilikuwa nyuma.

Jumatano, tarehe 7 Agosti, wakati wa kutoka, alinifuata getini.

"Naomba daftari langu," alisema.

Sikuwa nimemaliza kunakili. Nilipiga hesabu ya mtu asiye na shida. Alhamisi ilikuwa Nane Nane. Idi ilikuwa inasubiri mwezi uandame, labda Alhamisi, labda Ijumaa. Baadaye Jumamosi na Jumapili. "Nitakuletea Jumatatu," nilimwambia.

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa. Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa tarehe 12.

Nilikuwa nimeisikia tarehe 11 redioni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliisikia dukani na kisimani. Watu wazima walikuwa wanaisema kwa sauti ya chini wakiona watoto wanakaribia. Kwangu ilikuwa tarehe ya habari, na Jumatatu ilikuwa siku ya shule, na sikuwahi kuziweka kwenye mstari mmoja. Yeye alikuwa ameziweka. Siku zikikuhusu unazihesabu tu, hata bila kufundishwa. Alipojibu "Sawa. Jumatatu," alikuwa ananisamehe jambo ambalo nilikuwa bado sijajua kwamba nimelifanya.

Jumatatu nililibeba daftari. Dawati lilikuwa na nafasi. Mwalimu aliita majina na alipofika kwake alinyamaza, akapitisha kalamu, akaendelea. Nyumbani kwao hapakuwa na mtu, na kuku wawili walikuwa wanachakura uani.

Nilipoanza kuandika tasnifu nililitafuta daftari lile, nikalikuta kwenye sanduku la chuma la Bibi, chini ya vitenge. Ndani ya jalada la nyuma nikaona kitu nilichokuwa nimekisahau, au sikuwahi kukitazama: safu ya namba zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, zinashuka moja moja, na juu yake ameandika "Mtihani". Kila namba imekatwa kwa mstari. Kisha namba moja haijakatwa, na chini yake hakuna kitu.

Usiku ule niliandika kurasa tatu kwa mkupuo. Niliandika kwamba hapa ndipo hesabu ya mtoto ilipokatwa na hesabu ya dola. Kwamba nimeshika mkononi ushahidi wa siku aliyoondoka. Zilikuwa kurasa nzuri. Asubuhi, kwa mazoea tu ya kozi yetu, nilijiuliza swali tunalofundishwa kumwuliza kila shahidi: ilikuwa mikononi mwa nani?

Ilikuwa mikononi mwangu. Namba hazikusimama siku alipoondoka. Zilisimama siku nilipoliazima daftari, siku nyingi kabla. Aliyeikata hesabu yake ya mtihani ni mimi, kwa kuchelewa kunakili. Huenda aliiendeleza mahali pengine, kwenye karatasi nyingine, hadi ile siku ambayo mtihani wenyewe haukuwa wake tena. Huenda aliacha. Daftari halisemi.

Nilizifuta kurasa tatu. Nilibakisha aya moja, ambayo ndiyo inayomjibu msimamizi wangu. Inasema kwamba watawala wa Karagwe siku zote walihesabu watu kwa kutumia muda. Rumanyika aliwahesabu mwezi ukiandama ili ajue nani amekuja. Katika miaka ya karibuni watu walihesabiwa kwa tarehe ili ijulikane nani ameondoka. Hesabu ya kwanza ilikuwa inarudi kila mwezi, na ya pili ilikuwa na mwisho. Katika tanbihi nimeongeza kwamba mwezi uliandama katika wiki ile ile ya 11 Agosti 2013. Tuliungoja kwa ajili ya Idi, na bila shaka na waliokuwa wanafunga mizigo waliuona. Enzi za ngoma 35, hiyo ndiyo ingekuwa wiki ya kuja.

Sijasema lolote katika tasnifu kuhusu nani alikuwa na haki ya kukaa. Kuna watu waliobeba silaha msituni na kupora mabasi katika barabara zetu miaka ile, na kila familia hapa ina jina la mtu wake aliyeporwa. Kuna pia mtoto aliyesema "Sawa. Jumatatu." Tarehe ya mwisho iliwataka wote wawili kwa neno moja.

Juzi nilimwambia Bibi kwamba ninaogopa siku hazitatosha. Aliniuliza kama hakuna wa kuombwa. Nikamweleza kwamba yupo: ninaweza kuandika barua, msimamizi akaisaini, nikaongezewa miezi mitatu. Alinyamaza kwa muda, akiendelea kuchagua mbegu za maharage kwenye ungo.

"Barua ya ukurasa mmoja?" aliuliza.

"Mmoja tu, Bibi."

"Na unalia?"

Jana jioni mwezi uliandama. Ulikuwa mwembamba, upande wa magharibi, juu ya vilima ambavyo nyuma yake kuna mto, na nyuma ya mto kuna Rwanda. Bibi aliuona kwanza, kama kawaida. Hakusema kitu, alinyoosha kidole tu. Majirani nao walikuwa wamesimama kwenye viwanja vyao. Mtoto wa jirani aliuliza kama huko ng'ambo nao wanauona, na mama yake akamjibu kwamba wanauona.

Daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulirudisha sandukuni. Namba ile isiyokatwa nimeiacha kama ilivyo. Leo simu inasema zimebaki siku 38, na kesho kabla ya kufungua kompyuta ninakwenda kupanda maharage.